Mama Wakwe Wawili Nyuma ya Oksijeni

Walisema sitaweza. Naanza na hilo ili wote waliosema wajue kwamba nilisikia.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye baa pale Buhongwa, alisema sitaweza kupata wanafunzi watano wa tuisheni. Jirani yetu, mwalimu mstaafu wa sayansi, alisema hata nikiwapata sitaweza kuwaelewesha kwa nini molekuli ya maji imepinda, kwa sababu yeye alilifundisha jambo hilo maisha yake yote na hakuna aliyemwelewa. "Na mimi," alisema, "nilikuwa mwalimu mzuri." Baba yangu hakusema sitaweza. Alisema tu kwamba ng'ombe wake wanahitaji mchungaji, na kwamba nikimaliza mambo ya mjini nimpelekee jibu.

Wakati huo nilikuwa na diploma. Bado ninayo. Niliipata nchi ya baridi, mahali ambapo ukitema mate yanafika chini yakiwa kipande cha barafu, na niliipata kwa kichwa changu, si kwa kumbebea mtu mkoba. Kiwanda cha mafuta ya pamba kilikuwa kimenipeleka huko nikasomee kemia ya viwandani. Niliporudi Mwanza nikakuta kufuli getini. Kiwanda kimeuzwa, na mwenye kiwanda mpya amekuja na mkemia wake, mke wake na mbwa wake. Mlinzi aliniangalia nilivyovaa koti la sufu saa saba mchana akaniuliza kama ninaumwa malaria.

Mwingine angelia. Mimi nilitazama mji. Ilikuwa miaka ya tisini, na kila aliyekuwa na mlango alikuwa ameuwekea meza mbele yake na kuanza kuuza kitu. Mitumba, redio, sabuni za kutoka nje, mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyobaki viwandani. Nikajiuliza mimi nina nini cha kuuza ambacho hakuna mwingine anacho. Jibu lilikuwa limetundikwa ukutani, limewekewa kioo.

Nikatangaza tuisheni ya kemia kwa watahiniwa wa kujitegemea, na walikuja sita. Sita ni zaidi ya watano, shemeji. Walikuwa wanawake wawili wanaokata minofu kiwanda cha samaki, mlinzi wa usiku wa benki, muuza duka, mhudumu wa wodi, na mchumba wa mdogo wake mke wangu. Huyu mchumba ndiye aliyekuwa na shida kubwa kuliko wote. Alitaka kuingia chuo cha utabibu, chuo kilitaka afaulu kemia, na mama mkwe wangu, ambaye angekuwa mama mkwe wake pia, alikuwa amesema hakuna arusi mpaka barua ya chuo ionekane kwa macho. Alishafeli mara mbili. Mahari ilikuwa tayari, ng'ombe wamesimama wanakula bure.

Sikuwa na darasa, kwa hiyo niliazima. Mfanyabiashara mmoja mzee wa Kihindi, ambaye ukoo wake ulikuwa na duka la vitambaa mjini Nyamagana tangu kabla baba yangu hajazaliwa, alikuwa na ghala Buhongwa lenye marobota ya pamba ambayo hakuna aliyekuja kuyachukua. Akanipa ufunguo. Shemeji akanipa mabenchi ya baa. Mwalimu mstaafu akanipa ubao wake, ila aliushika upande mmoja huku mimi nimeushika upande wa pili.

"Wiki sita," alisema. "Jumamosi ya wiki ya sita nakuja kuwauliza swali moja tu, la maumbo ya molekuli. Wewe utafunga mdomo. Wakijibu, ubao ukae kwako mpaka mtihani wa taifa uishe. Wasipojibu, narudi nao nyumbani siku hiyo hiyo."

"Na mabenchi yangu," alisema shemeji.

Mfanyabiashara mzee hakujua hasa tunazungumzia nini, lakini hakupenda kuachwa nyuma. "Na ufunguo wangu basi," akasema.

Nilikubali. Mtu mwenye diploma hababaishwi na swali moja.

Wiki mbili za kwanza nilifundisha vizuri sana na hakuna aliyeelewa. Niliwaeleza kwamba atomu hushikana kwa kuchangia elektroni mbili mbili. Niliwaeleza kwamba oksijeni ni mroho, huzivuta elektroni za mchango kuelekea kwake kuliko hidrojeni inavyozivuta, ndiyo maana upande wake huwa hasi kidogo na upande wa hidrojeni huwa chanya kidogo. Mpaka hapo tulikwenda pamoja. Kisha nikasema kwamba oksijeni ina jozi nyingine mbili za elektroni ambazo haichangii na mtu, jozi pweke, na kwamba hizo ndizo zinazoipinda molekuli. Hapo niliona macho sita yamefumba na mengine sita yanaangalia popo darini.

"Mwalimu," alisema mmoja wa wakata minofu, "hizo jozi hazijashika mtu. Kitu ambacho hakijashika mtu kinamsukumaje?"

Lilikuwa swali zuri. Nilimwambia tutalifikia.

Wiki ya tatu nikaamua waone kwa macho. Mke wangu alikuwa anakuja saa nne kuwauzia uji na chapati. Nikamsimamisha katikati ya ghala, nikamwambia yeye ni oksijeni. Akauliza kama oksijeni inalipwa. Nikasimama kulia kwake nimemshika mkono, nikamsimamisha mchumba kushoto amemshika mkono wa pili, sote watatu tumenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

"Sasa angalieni," nikawaambia. "Sisi wawili ni hidrojeni. Mke wangu anavuta mali kutoka kwangu na kutoka kwa huyu. Lakini anavuta mashariki na anavuta magharibi, sawasawa. Ukisimama mbali huwezi kusema ni upande upi umetajirika. Molekuli ya namna hii haina ncha. Kaboni dayoksaidi iko hivi, kaboni katikati, oksijeni mbili huku na huku. Wavutaji wapo, lakini wanafutana."

"Na maji je?" akauliza mlinzi wa benki.

"Maji hayako hivi."

"Kwa nini?"

Nikafungua mdomo kueleza, na papo hapo mlango wa ghala ukasukumwa. Akaingia mama mkwe wangu na dada yake mkubwa. Walikuwa wametoka Buswelu kwa miguu kumwona binti yao, wamechoka, na hawakuuliza kunafanyika nini. Walipita nyuma ya mke wangu, mmoja akakaa kwenye robota la kulia, mwingine kwenye robota la kushoto, wakatandaza khanga zao na kuanza kujipepea.

Msomaji asiyetoka kwetu lazima aelewe jambo moja. Kwetu mkwe wa kiume hamkaribii mama mkwe wake. Hamshiki mkono, hamtazami usoni, hasimami pale ambapo kivuli chake kitamwangukia. Na dada yake mama mkwe ni mama mkwe vilevile. Mimi nilikuwa nimemshika mke wangu mkono, na nisingeweza kumwachia katikati ya somo. Kwa hiyo nikainamisha macho, nikasema shikamoo mama kwa kuelekea ukutani, na nikaanza kusogea mbele kidogo kidogo, mbali na robota la kulia. Upande wa pili mchumba naye, mkwe mtarajiwa, aliyekuwa na sababu ya kuogopa mara mbili yangu, alikuwa anasogea mbele kidogo kidogo mbali na robota la kushoto.

Tulisimama tulipokaribia kugongana. Tukajisogeza nyuma kidogo kwa ajili ya adabu kati yetu wenyewe. Kisha nikajiangalia. Mkono wangu na mkono wa mchumba ilikuwa imefanya pembe kumzunguka mke wangu. Tulikuwa mbele sote wawili, na nyuma yake wamekaa wale mama wawili, hawajamshika mtu, hawajamsukuma mtu, wanajipepea.

"Msitikisike," nikasema. "Hakuna mtu kutikisika. Sisi ni maji."

Mkata minofu akasimama kwenye benchi. "Jozi pweke ni mama wakwe," akasema polepole.

"Kila mmoja mhesabuni kama elektroni mbili," nikasema, na hakuna aliyewatazama akapinga. "Wao ni wa oksijeni peke yake, hawachangiwi na mtu. Lakini wanahitaji nafasi kubwa kuliko mtu aliyeshikana mkono, kwa sababu hakuna anayethubutu kuwasogelea. Ndiyo maana hidrojeni zinabanwa mbele. Haya, mahari inakwenda wapi?"

"Nyuma," wakasema wote sita.

"Ng'ombe wangu na ng'ombe wa huyu bwana, wote wanaelekea upande mmoja. Kwa hiyo upande wa kule ni hasi, huku mbele kwetu ni chanya. Molekuli ina ncha. Wenye elimu huiita polari." Kisha nikawaambia kuhusu mafuta ya taa. Hayo ni ukoo mrefu wa kaboni na hidrojeni wenye mvutano hafifu sana, uliozungukwa pande zote bila mama mkwe hata mmoja, hivyo hauna ncha ya kushikia maji. Ndiyo maana ukiyamwaga ndani ya maji yanakaa juu yake kama wageni wasiojuana.

"Mnasoma nini humu ndani?" mama mkwe akamuuliza binti yake, kwa kuwa hakuweza kuniuliza mimi.

"Wanakusoma wewe, mama," mke wangu akasema.

Nilikuwa nimegundua njia ya kufundishia ambayo hata kule nchi ya baridi hawakuwa nayo, na hawangeweza kuwa nayo, maana kule niliona mtu akimbusu mama mkwe wake shavuni mbele ya watoto.

Kesho yake nilimtuma shemeji Buswelu, kwa kuwa mimi nisingeweza kusema jambo kama hilo kwa kinywa changu, akaniazimie mama mkwe na dada yake kwa kila Jumatano na Jumamosi. Baadaye shemeji alinisimulia mazungumzo yake na baba yake.

"Anawataka kwa kazi gani?" mzee aliuliza.

"Kukaa."

"Kukaa tu?"

"Kukaa, na watu wawaogope."

Mzee alifikiri. "Kwa hiyo kazi hawahitaji kufundishwa," akasema, akakubali.

Tulikwenda kwa kasi kuanzia hapo. Jumatano moja dada mkubwa aliamka anaumwa jino, akaja mama mkwe peke yake, nikafundisha amonia: nitrojeni moja, hidrojeni tatu, mama mkwe mmoja. Alikaa juu ya robota, na wale watatu walibanwa chini wakawa kama miguu mitatu ya kigoda. Nayo ina ncha, na mahari inakwenda juu. Siku ambayo hakuja hata mmoja tukafanya methani, watu wanne wamemzunguka mke wangu kwa utulivu kabisa, hakuna aliyebanwa, hakuna ncha. Mke wangu alisema hiyo ndiyo molekuli aliyoipenda.

Jumamosi ya wiki ya sita walikuja wote watatu. Mfanyabiashara mzee alileta kiti chake mwenyewe. Shemeji alileta mkokoteni kwa ajili ya mabenchi. Mwalimu mstaafu alivaa tai. Aliwasalimia mama wawili, ambao siku hiyo hawakuwa wanasemeshana. Walikuwa wamegombana njiani juu ya nani aliunguza ugali wa jana yake, na kila mmoja alikuwa amekaa amempa mwenzake bega.

Mwalimu akasimama mbele ya ubao wake. "Nimesikia mnafundishwa kwa wakwe," akasema. "Vizuri. Kabla ya swali langu, niambieni. Palipo na jozi pweke katikati ya molekuli, pana ncha?"

"Ndiyo," wakasema wote kwa sauti moja.

Nikajua tumekwisha. Alitabasamu kama mtu aliyeona samaki ameingia mwenyewe kwenye ndoo.

"Kuna gesi inaitwa zenoni," akasema. "Haipendi watu, lakini florini nne zinaweza kuishika. Florini ni mroho kuliko oksijeni. Na zenoni hiyo, baada ya kushikwa na florini nne, bado ina jozi pweke mbili. Mama wakwe wawili. Lakini molekuli yake haina ncha hata kidogo. Nielezeni kwa nini."

Mimi nilijua. Naomba hilo lieleweke. Tatizo ni kwamba masharti yalinifunga mdomo, na hilo somo sikuwa nimelifikia.

Shemeji akatoka nje kugeuza mkokoteni uelekee mlangoni.

Mchumba alikuwa amekauka. Alimwangalia mama mkwe wake mtarajiwa, kisha kwa adabu akaangalia pembeni, na nikaona arusi yake inaondoka. Lakini alikuwa na moyo. Akasema, "Tujaribu kusimama, Mwalimu." Mke wangu akasimama katikati. Wanne wakamshika, mchumba, mlinzi, muuza duka na yule mkata minofu wa maswali. Mama wawili walikuwa nyuma kama kawaida, kwa hiyo wanne wote wakabanwa mbele, wamerundikana kama watu wanaochungulia dirisha moja. Kila mtu aliona kwamba kitu hicho kina ncha.

"Hapana," akasema mwalimu.

Wakasogea. Katika kusogea mchumba akakanyaga ncha ya khanga ya dada mkubwa, na dada mkubwa katika kuivuta akamgusa mama mkwe kiwiko.

"Unanisukuma," akasema mama mkwe. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha dada yake tangu waingie ghalani.

"Nani akusukume? Ugali umeunguza, na nafasi unataka yote."

"Basi kaa nayo." Akachukua khanga yake, akazunguka mbele, akapita mbali na wakwe kama wanavyostahili kupitiwa, akaenda kukaa upande wa pili wa ghala, kwenye ukuta wa mlangoni, mkabala kabisa na dada yake, mbali kadiri ghala lilivyoruhusu.

Hapo wanne wakashikwa na hofu mpya. Nyuma kuna mama mkwe. Mbele kuna mama mkwe. Hawawezi kwenda huku, hawawezi kwenda kule. Mlinzi akaenda kulia na muuza duka kushoto, na nafasi ikaisha. Mkata minofu akapanda juu ya marobota, akainama, akashika kichwa cha mke wangu kutoka juu. Mchumba hakuwa na pengine pa kwenda ila chini. Akalala chali sakafuni, katika suruali yake nzuri, akashika kifundo cha mguu wa mke wangu.

Walikuwa wamefanya msalaba, juu, chini, kulia na kushoto, na mama wakwe wawili mbele na nyuma wakitazamana kwa chuki.

Mchumba akaanza kusema kutoka sakafuni. "Mama wakwe hawapatani," akasema. "Wao kwa wao wanasukumana kuliko wanavyotusukuma sisi. Kwa hiyo wanakaa mkabala. Sisi wanne tunabaki katikati, mraba."

"Endelea," akasema mwalimu.

"Mimi navuta chini na yule anavuta juu, tunafutana. Huyu kulia na yule kushoto, wanafutana. Mama wa mbele anafutana na mama wa nyuma. Mali haijui iende kwa nani." Akainua kichwa kutoka sakafuni. "Tulikosea kusema ndiyo. Kuwa na mama mkwe hakutoshi. Lazima ujue amekaa wapi."

Mwalimu mstaafu alitazama ubao, akamtazama mtu aliyelala sakafuni, akailegeza tai. Maisha yake yote, na jibu lilikuwa Buswelu.

"Ubao ukae," akasema. "Na huyu inukeni naye, ana vumbi."

"Mabenchi je?" akauliza shemeji mlangoni, ameshika mkokoteni.

"Uliona mtu amesema ubao utakaa bila mabenchi?" akasema mfanyabiashara mzee, aliyekuwa amefurahi kuliko wote bila kuelewa chochote. Akaongeza kwamba kama wakwe wake wangekuwa wanakaa kimya namna hiyo, yeye pia angesoma kemia.

Mtihani wa taifa ulikuja na ukapita. Katika wale sita walifaulu watano, na wa sita alifaulu mwaka uliofuata. Mchumba alipata barua ya chuo, akaipeleka Buswelu mkononi, akaiweka chini hatua kumi kutoka kwa mama mkwe ili aichukue mwenyewe. Ng'ombe waliondoka wiki hiyo hiyo. Mimi nilipata wanafunzi arobaini, nikatengenezesha mabenchi yangu, nikanunua ubao wangu, na baba yangu akapata mchungaji mwingine, mtu asiye na diploma, ambaye nasikia ni mzuri tu.

Kisha nikawalipa wote kwa siku moja, kwa sababu mimi si mtu wa kuacha jambo likining'inia. Asubuhi nilipeleka ufunguo Nyamagana pamoja na kilo mbili za sangara mbichi. Mfanyabiashara mzee hakula samaki, lakini alinishukuru na kumpa jirani mbele yangu. Mchana nilirudisha mabenchi kwenye baa, yamepigwa msasa na vanishi, na wateja wa shemeji walikataa kuyakalia wakisema yamekuwa ya kanisani. Saa tisa nilimrudishia mwalimu mstaafu ubao wake. Aliupokea, akaufuta kwa mkono ingawa haukuwa na kitu, akaniuliza kama nahitaji mtu wa kusaidia siku za Alhamisi. Nikamwambia nitafikiria. Nilimpa kazi jioni ile ile, ila nilitaka kwanza atembee nyumbani hajui.

Mwisho nilikwenda Buswelu na mbuzi wawili na vitenge viwili. Nikakaa nje kwa baba mkwe, nikamwambia nimekuja kurudisha nilichoazima na shukrani zake. Aliwatazama mbuzi meno, akawapitisha, akaita ndani. Mama mkwe hakutoka, kama ilivyo desturi, lakini sauti yake ilikuja kupitia dirishani, ikimwelekea mume wake.

"Mwambie kitenge nimekiona," alisema. "Mwambie na dada yangu amekiona chake, na tumeshapatana. Ila mwambie kama mwaka huu atatutaka tena, aseme mapema, maana sasa tukikaa tutakuwa tumepatana, na ile ya florini nne haitakubali."

Baba mkwe akanigeukia. "Florini ni nani?" akauliza.